Maziwa hayatoi esansi mwilini: namna viyeyushi vinavyoingia, vinapojificha na vinavyotoka

Tukihesabu waamini wa kusanyiko moja tu la mjini, liwe la Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, tutakuta fundi wa garaji, motari, fundi viatu, kijana anayepaka verni kwenye vitanda, mama anayeuza esansi ya chupa kando ya barabara, na dada anayefuta rangi ya kucha saluni. Kazi zao hazifanani, lakini wote wanashika kila siku vimiminiko vya jamaa moja. Wataalamu wanaviita viyeyushi, yaani vitu vya majimaji vinavyoyeyusha mafuta, gundi na rangi, kisha vinakauka haraka na kupotea hewani. Esansi ni kiyeyushi. Petroli ya taa pia, na asetoni, na yale maji makali ya kuzimulia rangi, na yale yaliyomo ndani ya kole ya viatu.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu kuna usemi unaotembea karibu kila mahali vijana wanapojifunza ufundi: fanya kazi yako, jioni kunywa maziwa, sumu itatoka. Wakubwa wa kazi wanausema kwa nia njema, na wengine wanawapa wanafunzi wao pesa ya maziwa kila Jumamosi. Lakini si kweli. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayatoi esansi katika damu wala rangi katika mapafu. Ubaya wake ni kwamba kijana anayeyategemea anaacha kufungua dirisha.

Ili kuelewa, tuanze na tone la mawese kwenye shati jeupe. Maji peke yake hayalitoi. Kitambaa chenye esansi kidogo kinalitoa mara moja, kwa sababu esansi na mafuta vinapatana, na maji na mafuta havipatani. Tabia hiyo ndogo inaeleza karibu kila kitu tutakachosema hapa chini. Mwili wa mtu una maji mengi, lakini kuta za kila chembe yake zimejengwa kwa mafuta. Kitu kinachopatana na mafuta hakihitaji kubisha hodi, kinapita ukutani.

Mlango mkubwa kuliko yote ni mapafu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na ngozi yake yote ikitandazwa chini ingefunika karibu mita za mraba 70, yaani zaidi ya nyumba za wengi wetu. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko karatasi yoyote, na upande wa pili wake damu inapita. Mtu akipumzika, damu yake yote inazunguka na kupita mapafuni katika muda wa dakika moja hivi. Kwa hiyo mvuke wa rangi unaovutwa sasa unafika kwenye ubongo baada ya sekunde chache tu. Tuchukue tolueni, kiyeyushi kilichomo katika rangi nyingi na kole nyingi: karibu nusu ya ile inayovutwa kwa pumzi inabaki mwilini, na nusu nyingine inarudi nje.

Kazi nzito inaongeza mzigo huo. Mtu aliyekaa anavuta hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akipiga msasa, akibeba mbao, akipanda ngazi na debe la rangi, anavuta mara tatu au nne zaidi, na damu yake inakimbia. Hivyo watu wawili katika chumba kimoja, mmoja anasimamia na mwingine anafanya kazi, hawapokei kiasi kimoja.

Mvuke wa viyeyushi hivi karibu vyote ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa chini, unakaa katika shimo la garaji na chini ya kitanda. Familia nyingi zinazouza esansi zinaficha bidoni ndani ya nyumba usiku, kwa kuogopa wezi, na watoto wanalala kwenye mkeka kando yake. Wote tunajua hatari ya moto. Hatari ya pili ni kwamba mtoto aliyelala chini ndiye anayepumua hewa iliyo mbaya zaidi katika nyumba nzima, na mama yake aliyesimama mlangoni hasikii kitu. Hata mtu aliye ndani ataacha kusikia harufu baada ya dakika kadhaa, maana pua inazoea. Harufu ikipotea haimaanishi kwamba mvuke umekwisha.

Tuseme neno juu ya kashine, zile ambazo wengi walizivaa wakati wa Korona. Kitambaa cha pua kinazuia vumbi la msasa, na kwa vumbi ni kizuri. Mvuke ni hewa. Unapita katika kitambaa kama pumzi yako inavyopita, hata ukikilowesha maji. Kinachouzuia ni kifuniko chenye vichujio vya makaa maalum, na vichujio hivyo navyo vinajaa na lazima vibadilishwe. Bei yake si ya fundi wa kawaida. Kwa hiyo kwetu dawa ya kwanza ni kupaka rangi nje, au chini ya paa lisilo na kuta, upepo ukitoka mgongoni kwako.

Ngozi ni mlango wa pili. Mafundi wengi wa garaji wananawa mikono kwa esansi ili kutoa grisi. Grisi inatoka kweli, lakini na mafuta ya asili ya ngozi yanatoka pamoja nayo, ngozi inakauka, inapasuka, na ngozi iliyopasuka inapitisha zaidi kesho yake. Kuna njia nyingine, na haina gharama kubwa: paka mawese au mafuta ya kupikia kwenye mikono iliyo mikavu, sugua pamoja na unga wa mbao au majivu kidogo, pangusa, kisha nawa kwa sabuni. Mafuta yanayeyusha grisi kama esansi inavyofanya, bila kupenya na kukudhuru.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, yaani mahali viyeyushi vinapokaa baada ya kuingia. Damu inavibeba na kuvigawa. Viungo vinavyopata damu nyingi vinapokea kwanza: ubongo, ini, figo. Ubongo una mafuta mengi sana. Ukiukausha, zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta na vitu vya jamaa ya mafuta. Ndiyo sababu mpaka rangi anaanza kwa kizunguzungu, kucheka bila sababu au kuumwa kichwa kabla ya kuumwa kifua. Ni ulevi wa kweli, ingawa hakunywa kitu.

Baadaye kiyeyushi kinahamia katika mafuta ya mwili, yale ya chini ya ngozi, tumboni na mapajani. Mafuta haya yanapata damu kidogo. Tuyafananishe na soko la kijiji kisicho na barabara nzuri: mizigo inafika polepole, na ikishafika haiondoki haraka. Mtu akitoka katika chumba cha rangi, damu yake inapungukiwa na tolueni kwa saa chache, kichwa kinatulia, na anasema amepona. Kumbe ile iliyo katika mafuta bado ipo, na usiku wote inarudi kidogo kidogo katika damu.

Wachunguzi wanapima jambo hili kwa muda wa nusu, yaani muda ambao nusu ya kitu kilichopo inatoka. Kwa tolueni iliyo katika mafuta ya mwili, muda huo ni kati ya nusu siku na karibu siku tatu, na unakuwa mrefu kwa mtu mwenye mafuta mengi. Kwa perkloroethileni, kiyeyushi cha kusafishia nguo bila maji katika presing kubwa, unazidi saa 50. Tufanye hesabu pamoja. Fundi anaacha kazi Jumamosi saa kumi na moja jioni na kurudi Jumatatu saa moja asubuhi. Hizo ni saa 38. Ikiwa muda wa nusu katika mafuta yake ni siku mbili, Jumatatu anapofungua debe jipya bado ana zaidi ya nusu ya kile kilichokuwemo Jumamosi. Anaweka kipya juu ya cha zamani. Anayefanya kazi na Jumapili pia, kama wengi wanavyolazimishwa wakati wa kumaliza jengo la mtu, hapati hata nafasi hiyo ndogo.

Hata hivyo tusiogopeshane kupita kiasi. Viyeyushi si kama DDT, ambayo inaweza kukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi. Ukiacha kuvivuta, vinatoka kwa siku au majuma machache. Kinachoweza kubaki ni majeraha viliyoacha.

Vinatoka kwa njia mbili. Sehemu moja inarudi kwa mlango ilioingilia: inapumuliwa nje. Ndiyo maana mke wa mpaka rangi anasikia harufu ya rangi katika pumzi ya mume wake hata baada ya kuoga. Sehemu kubwa zaidi ya tolueni inapita kwenye ini, ambalo linaigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka katika maji ili figo ziweze kukitoa kwa mkojo. Basi maziwa yanaingilia wapi? Yanashuka tumboni, yanameng'enywa kama chakula kingine. Hayafiki mapafuni, hayaongezi kazi ya ini, hayavuti kitu kutoka kwenye mafuta. Pombe ndiyo inayobadilisha kitu, nayo inakiharibu: ini likishughulika na kanyanga au lotoko, linachelewa kushughulikia tolueni, na tolueni inabaki katika damu muda mrefu zaidi. Fundi anayekunywa Jumamosi jioni ili kusahau uchovu anaifunga njia ya kutokea.

Na ini lenyewe si mara zote linasaidia. Kuna viyeyushi ambavyo linavigeuza kuwa kitu kibaya zaidi. Mfano ni heksani, ambayo imo katika esansi na katika kole kadhaa za viatu. Ini linaigeuza kuwa kitu kinachoshambulia mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu, inayofika miguuni. Katika miaka ya 1960 huko Japani, mafundi waliokuwa wakitengeneza ndara nyumbani kwa kole yenye heksani walianza kupata ganzi ya miguu na mikono, kisha udhaifu, na wengine hawakuweza tena kutembea vizuri. Waliogunduliwa walizidi 90 katika eneo moja. Hawakuwa katika kiwanda kikubwa; walikuwa katika vyumba vidogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, familia nzima ikifanya kazi pamoja.

Tunaomba wachungaji na wazee wa kanisa wasome sehemu hii mara mbili. Ganzi ya heksani haianzi siku moja, inakuja kwa miezi. Inaanza kwenye vidole vya miguu vyote viwili, inapanda. Tena ina tabia ya ajabu: mtu akiacha kazi ya kole, ugonjwa unaweza kuendelea kuzidi kwa majuma au hata miezi miwili mitatu kabla ya kuanza kupungua. Sasa fikiria kijana fundi viatu anayepungukiwa na nguvu za miguu, anarudi nyumbani kupumzika, na nyumbani anazidi kuwa vibaya. Huku kwetu jamaa watasema nini? Watasema amelishwa karuho. Watatafuta nani alimpa chakula, shangazi gani, jirani gani. Tunajua maneno kama hayo yanaishia wapi, na katika miaka hii mama wazee wamepigwa na kufukuzwa kwa sababu ya maneno kama hayo. Kabla ya kuuliza nani alimlisha, tuulize: alikuwa anafanya kazi gani, katika chumba cha namna gani, kwa miaka mingapi?

Benzeni nayo inafanana kwa njia hiyo. Ni sehemu ndogo ya esansi, lakini ini likiigeuza, mabaki yake yanafika ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Mtu anaweza kupungukiwa na damu polepole, na baada ya miaka anaweza kupata kansa ya damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka benzeni katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo inajulikana kwa hakika vinaleta kansa kwa wanadamu. Motari anayevuta esansi kwa mdomo na mpira, akiitema na kuendelea na safari, anaionja benzeni kila mara.

Wamama wanatuuliza juu ya mimba na kunyonyesha. Kinachopatana na mafuta kinapita pia kwenye kondo la nyuma na kufika kwa mtoto, na maziwa ya mama yana mafuta. Mwaka 1977 waganga wa Kanada waliandika habari ya mtoto wa majuma sita aliyekuwa na macho na ngozi ya manjano bila sababu iliyoonekana. Mama yake hakuwa mfanyakazi wa viyeyushi. Mume wake alifanya kazi mahali pa kusafishia ngozi na nguo kwa perkloroethileni, na mama alikuwa akienda kumwona saa ya chakula. Maziwa yake yalipopimwa saa moja baada ya ziara hiyo, kiyeyushi kilikuwamo. Siku iliyofuata kilikuwa kimepungua lakini hakijaisha. Mtoto alipoacha kunyonya, alipona haraka.

Tafadhali, mama yeyote asisome habari hii na kumwachisha mtoto. Maziwa ya mama ni bora kuliko unga wa kopo uliochanganywa na maji tusiyoyaamini. Tunayojifunza hapa ni kwamba anayemletea mume chakula garajini amwite nje, wala asikae ndani na mtoto mgongoni. Na nguo za kazi zibaki kazini, au zifuliwe peke yake, zisitundikwe katika chumba cha kulala.

Kuna wengine ambao hawaji kwa kazi. Tunawaona kwenye rond-point na mbele ya makanisa yetu, wakiwa na kole katika mfuko wa plastiki: watoto wa barabarani, ambao watu wanawaita maibobo. Wanavuta kwa sababu kole inanyamazisha njaa na baridi kwa saa moja au mbili. Kiasi wanachopokea kinapita kwa mbali kile cha mpaka rangi, na kikiendelea kwa miaka, kinaharibu mafuta yanayofunika nyuzi za ubongo, hata mtoto anatembea akiyumba na kusahau maneno. Lakini tunataka walinzi wa makanisa wajue jambo moja la haraka. Moyo uliojaa tolueni au mvuke wa esansi hauvumilii mshtuko. Mtoto akishtuliwa na kukimbizwa wakati huo, mwili unatoa homoni ya woga, moyo unaweza kuvurugika na kusimama palepale, hata kama ni mara yake ya kwanza kuvuta. Basi usimkimbize kwa fimbo. Mwite kwa sauti ya utulivu, mkalishe mahali penye hewa, mwondolee mfuko bila kushindana.

Mwisho ni juu ya petroli iliyonywewa, maana inatokea mara nyingi nyumbani: mtoto ana kiu, anakuta chupa ya Fanta, kumbe ndani ni petroli ya taa. Tumboni petroli haileti madhara makubwa kama inayoleta ikiingia mapafuni, na njia rahisi ya kuingia mapafuni ni kutapika. Kwa hiyo usimtapishe. Usimpe maziwa, usimpe mawese, usimtie kidole kooni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, mpeleke kwenye kituo cha afya hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi na kupumua kwa haraka vinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Beba na ile chupa. Na mtu mzima anayekwenda kwa munganga kwa sababu ya kichwa, ganzi au upungufu wa damu, ataje kazi yake mwenyewe bila kungoja kuulizwa: kwamba anapaka verni, tangu mwaka gani, ndani au nje.